Maswali ya Wasomaji: Fuksia, Chama Chake na Meza ya Mashindano

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wasomaji walioko Uingereza, na karibu zote zinahusu ua moja: fuksia. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha. Vyungu tumevipima kwa sentimita, na inchi tumezitaja pale tu ambapo ratiba za mashindano, yaani orodha za madaraja na masharti yake, bado zinazitumia.

Swali: Jirani amenialika kwenye mkutano wa chama cha wakuzaji wa fuksia hapa mtaani. Ua moja linawezaje kuwa na chama, tena chenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina? Wanakutana kufanya nini? — *Mwalikwa*

Jibu: Linaweza, na lina historia ya kutosha. Mtawa Mfaransa Charles Plumier ndiye aliyeikuta fuksia katika kisiwa cha Hispaniola, akachapisha maelezo yake mwaka 1703 na kuipa jina la kumuenzi Leonhart Fuchs, tabibu na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1566. Spishi zake ni kama 110. Nyingi ni za milima ya Andes na Amerika ya Kati, chache ziko New Zealand, na moja Tahiti. Waingereza walianza kuziuza mwishoni mwa karne ya 18, na mwenye kitalu wa Hammersmith, James Lee, alijipatia faida nzuri kwazo. Katika enzi ya Malkia Victoria zikawa ua la fasheni. Mtunza bustani James Lye wa Wiltshire alipata sifa kwa kukuza piramidi za fuksia zilizompita mtu kimo.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Makaa ya kupashia mabanda ya vioo yakawa ya taabu, nafasi ikahitajika kwa mboga, na aina nyingi zikapotea kabisa. Kilichozirudisha ni vyama. Wapenzi wa California walianzisha Chama cha Fuksia cha Marekani mwaka 1929 na kuagiza mimea kutoka Ulaya. Waingereza wakafuata mwaka 1938. Rais wa kwanza wa chama cha Uingereza alikuwa Lady Boothby, na fuksia ndefu yenye kupanda ukutani iliyotolewa mwaka 1939 inaitwa kwa jina lake. Vyama vya mitaa kama hicho cha jirani yako vinajitegemea kwa katiba na fedha, ila vingi vimejiunga na chama cha taifa ili kupata majaji waliofuzu na kanuni moja za mashindano.

Kazi zao zinafuata msimu. Januari na Februari kuna mihadhara. Machi ni mwezi wa vipandikizi, na wanachama hubadilishana ncha za aina walizonazo. Mei kuna uuzaji wa miche, ambao kwa kawaida ndio unaolipia ukodishaji wa ukumbi. Maonyesho huwa kati ya Julai na Septemba, halafu Oktoba mnafundishwa kulaza mimea kwa ajili ya baridi na kufanya mkutano mkuu wa mwaka. Nenda. Usijali sana kama mhadhara utakuchosha. Chukua chai na usogee kwenye meza ya nyuma, ambako mtu ameleta mmea mgonjwa na watu wanabishana una nini. Elimu kubwa iko hapo.

Swali: Nimejiunga na nataka kushindana. Maonyesho ya chama chetu ni tarehe 10 Agosti. Mwaka jana mmea wangu ulipasua maua wiki tatu baada ya siku yenyewe. Nilikosea wapi? — *Mchelewaji*

Jibu: Tunakisia kwamba ulikata ncha kwa mara ya mwisho bila kuhesabu siku. Fuksia hutoa maua kwenye ncha za matawi mapya. Kila unapokata ncha, tawi hugawanyika mawili na mmea hujaa, lakini saa yake ya maua huanza upya. Kwa hiyo anzia siku ya maonyesho na urudi nyuma.

Aina zenye maua ya safu moja (petali nne za ndani) zihesabie siku 60 tangu kukata ncha mara ya mwisho. Zenye maua ya safu mbili (petali nane na kuendelea) zipe siku 70. Zile za ukoo wa *Fuchsia triphylla*, zenye mirija mirefu na majani meusimeusi, kama 'Thalia', zipe wiki 12 au zaidi. Kwa maonyesho ya tarehe 10 Agosti, basi, kata kwa mara ya mwisho tarehe 11 Juni kwa safu moja, tarehe 1 Juni kwa safu mbili, na isiwe baada ya tarehe 18 Mei kwa 'Thalia'. Hizi ni hesabu za kuanzia tu. Juni yenye mawingu na ubaridi huongeza wiki nzima, na kila aina ina tabia yake, kwa hiyo andika kwenye daftari tarehe uliyokata na tarehe ua la kwanza lilipofunguka. Daftari la misimu miwili litakufaa kuliko jedwali lolote la kitabuni.

Kabla ya hapo kuna kazi ya kujenga umbo. Kipandikizi kikishapata jozi tatu za majani, nyofoa ncha kwa kucha au kibano, ncha yenyewe tu, bila kugusa jozi ya majani iliyo chini yake. Matawi yatakayotoka yaache yapate jozi mbili, kisha yakate yote siku moja. Watu wengi huharibu hapa: hukata yaliyowahi Jumatatu na yaliyochelewa Ijumaa ya pili, na mmea unaishia kuchanua upande mmoja huku upande mwingine ukiwa na vitumba. Kama matawi hayalingani, subiri ya nyuma yafikie. Ukikata kila baada ya jozi mbili mara tatu au nne, utapata matawi ya kutosha kwa chungu cha sentimita 13.

Zungusha chungu robo mzunguko kila siku mbili au tatu, maana mmea huelemea kwenye mwanga, na jaji atauzunguka wote. Mbolea ianze na yenye naitrojeni nyingi wakati wa kukua, ifuate yenye uwiano sawa, na vitumba vikionekana tumia yenye potasiamu nyingi. Ukiharakisha potasiamu kabla mmea haujafikia ukubwa wake, matawi hukomaa na kuwa magumu, na umbo hubaki hapo hapo. Wakuzaji wengi wa mashindano hutoa robo ya kipimo cha kwenye pakiti kila wanapomwagilia, badala ya kipimo kizima mara moja kwa wiki. Njia hiyo ni salama zaidi kwa mizizi ya fuksia, ambayo ni myembamba na huungua upesi kwa chumvi.

Wiki ya mwisho usihamishe mmea huku na huku wala usiuache ukauke. Vitumba huanguka kwa mabadiliko hayo, na siku mbili hazitoshi kuvirudisha.

Swali: Nilipeleka mmea mzuri kuliko yote mezani, nikakuta kadi imeandikwa kwamba haulingani na ratiba. Hata haukupimwa! Hii ni haki? — *Aliyenyimwa*

Jibu: Inauma, lakini ni haki. Jaji haruhusiwi kulipa zawadi daraja lililokosewa, hata mmea ukiwa mzuri namna gani. Angalia mambo haya kabla ya kujaza fomu.

Hesabu petali za ndani, usizichanganye na sepali nne zinazokunjuka nje. Kwa kanuni za chama cha Uingereza, petali nne ni ua la safu moja. Tano, sita au saba ni nusu safu mbili. Nane na kuendelea ni safu mbili. Kuna aina zinazotoa maua ya namna mbili kwenye mmea mmoja, na hizo zina hatari kwa mshindani mgeni.

Pima chungu kwa kipenyo cha ndani cha mdomo. Ratiba ikisema inchi 5, yaani sentimita 13, chungu cha sentimita 14 kimetolewa nje. Chungu kiwe na mmea mmoja tu isipokuwa ratiba iruhusu zaidi. Kwa fuksia za shina refu, zilizokuzwa kama mti mdogo wenye shina tupu na kichwa cha matawi juu, hupimwa sehemu tupu ya shina kuanzia udongo hadi tawi la kwanza: shina dogo ni inchi 6 hadi 10, robo shina inchi 10 hadi 18, nusu shina inchi 18 hadi 30, na shina kamili inchi 30 hadi 42, ambayo ni takriban sentimita 76 hadi 107. Ukiongeza udongo juu ya chungu usiku wa kuamkia maonyesho ili chungu kipendeze, umepunguza shina; shina lililokuwa mpakani huangukia daraja la chini yake.

Lingine ni muda wa umiliki. Ratiba nyingi hudai mmea uwe umetunzwa na mshindani mwenyewe kwa kipindi fulani. Soma yako.

Baada ya hapo ndipo uzuri unapohesabiwa: ulinganifu, wingi na ubora wa maua, majani safi mpaka chini. Asubuhi ya maonyesho ondoa kila tunda, kila ua lililochoka na kikonyo chake, na kila jani la manjano. Vijiti na nyuzi zinaruhusiwa, ila zisionekane kabla ya ua. Na ukague upande wa chini wa majani, kwa sababu inzi weupe watano wakiruka mbele ya jaji, wametosha kukuangusha.

Swali: Nataka kukuza fuksia ya shina refu kuanzia kipandikizi. Nimejaribu, shina likatoa maua likiwa na sentimita 30 na kugoma kuendelea. — *Mpenda miti*

Jibu: Liligoma kwa sababu mizizi ilijaa chungu. Fuksia ikibanwa huona maisha yanakatika, ikakimbilia kuzaa. Siri kubwa ya shina refu ni kuhamisha mche kwenye chungu kikubwa zaidi kabla mizizi haijaanza kuzunguka ukingoni: kutoka sentimita 7 hadi 9, kisha 11, kisha 13, bila kuruka hatua. Chungu kikubwa kupita kiasi nacho ni kosa, maana udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na maji na kuchacha.

Chagua kipandikizi chenye nguvu na kinachosimama wima. Ukibahatika kupata chenye majani matatu kwenye kila kifundo badala ya mawili, kishike hicho. Kichwa chake kitakuwa na matawi zaidi kwa nusu. 'Celia Smedley', 'Checkerboard' na 'Annabel' ni aina zinazokubali kazi hii. Zinazoning'inia, kama 'Marinka', hutoa mwavuli mzuri lakini zinataka kufungwa kwa uvumilivu zaidi.

Usikate ncha. Simika kijiti karibu na shina mche ukiwa bado mdogo, kabla mizizi haijaenea, na ufunge kila sentimita 5 hadi 8 kwa uzi laini wenye mkunjo wa namba nane ili shina lisikatwe. Matawi ya pembeni yanyofoe yakiwa madogo, lakini majani makubwa yaliyoota kwenye shina lenyewe yaache. Ndiyo yanayolisha na kunenepesha shina. Wanaoyang'oa mapema wapate shina safi huishia na ufito usioweza kubeba kichwa. Yatoe baadaye, kichwa kikishajaa.

Shina likikaribia urefu unaoutaka, acha matawi ya pembeni ya jozi tatu au nne za juu yabaki, kisha kata ncha kuu. Matawi hayo yakate kila yanapopata jozi mbili, kama tulivyoeleza kwa Mchelewaji. Shina kamili huchukua miezi 18 hivi, kwa hiyo litapita kwenye kipupwe kimoja. Liweke mahali pasipofika jalidi, nyuzi 5 hadi 10 za Selsiasi, udongo ukiwa na unyevunyevu tu. Hata aina inayovumilia baridi ardhini haitahimili jalidi ikiwa shina refu: huchipua upya kutoka chini, na shina ulilolijenga mwaka mzima ndilo linalokufa.

Swali: Ncha za fuksia zangu zimevimba, zimegeuka nyekundu na kujikunja kama ukurutu. Mwanachama mmoja aliniambia nisizilete chamani hata kwa kuonyesha. Ni ukali au ni kweli? — *Mwenye vidonda*

Jibu: Ni kweli. Dalili hizo ni za utitiri wa uvimbe wa fuksia, *Aculops fuchsiae*. Ulielezwa kwa mara ya kwanza Brazil mwaka 1972, ukaisumbua California miaka ya 1980, na Uingereza umethibitishwa mwaka 2007. Mdudu mwenyewe ana urefu wa robo milimita hivi, hivyo usihangaike kumtafuta kwa macho. Huishi ndani ya mikunjo aliyoisababisha, na ndiyo maana dawa za kunyunyizia zinazouzwa kwa bustani za nyumbani hazimfikii vya kutosha. Husambazwa na upepo, nyuki, nguo, mikono na, zaidi ya yote, vipandikizi vya zawadi.

Kata kila sehemu iliyovimba mpaka kwenye tishu safi, ukiongeza vifundo viwili au vitatu chini yake. Tia vipande kwenye mfuko hapo hapo, usivipitishe juu ya mimea mingine, kisha vichome au vifukie kwa kina. Visitiwe kwenye lundo la mboji. Osha mikono na mikasi kabla ya kugusa mmea mwingine, na ukague machipukizi mapya kila wiki. Yakirudi na uvimbe, tupa mmea mzima. Uamuzi huo ni mchungu hasa kwa aina adimu, lakini mmea mmoja wenye utitiri kwenye meza ya uuzaji ya Mei unaweza kumaliza makusanyo ya chama kizima.

Kabla ya kuhukumu, hakikisha si kunguni wa mimea. Yeye naye hupotosha ncha, ila huacha majani yakiwa na matundu yaliyochanika na vitumba vilivyokufa. Uvimbe mnene wenye wekundu hana. Na mimea yote mipya, hata ya rafiki, itengwe kwa wiki nne hivi. Ukichoka na vita hivi, kuna fuksia za maua madogo zenye ukinzani mzuri, kama *Fuchsia microphylla* na *Fuchsia thymifolia*. Hazina mbwembwe za 'Swingtime' yenye maua makubwa ya safu mbili, lakini zitaishi.

Swali: Mmea umenyauka ilhali udongo umelowa. Niongeze maji? — *Mwenye wasiwasi*

Jibu: Hapana! Kama ni mchana wa jua kali, uhamishie kivulini na nyunyizia majani maji kidogo, jioni utasimama. Fuksia hupoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyovuta, na ukimwagilia udongo uliolowa utaozesha mizizi. Asubuhi ukiwa bado umenyauka, utoe chunguni. Mizizi ya kahawia yenye kuteleza ni kuoza. Ukikuta viwavi weupe waliojikunja, wenye vichwa vya kahawia, ni watoto wa fukusi *Otiorhynchus sulcatus*. Mama yao haruki, hutembea usiku na kutafuna kingo za majani na kuziacha na mapengo, kwa hiyo majani yenye mapengo hayo kiangazi ni onyo la mapema. Dawa nzuri ni nematodi (minyoo midogo mno) wa *Steinernema kraussei*, wanaochanganywa na maji na kumwagiwa kwenye udongo wenye unyevu, ulio na zaidi ya nyuzi 5, Agosti hadi Oktoba. Udongo ukikauka baada ya hapo, nematodi hufa na fedha yako imekwenda.

Swali: Ipi naweza kuiacha ardhini mwaka mzima? — *Mvivu wa bustani*

Jibu: 'Mrs Popple', 'Riccartonii', 'Genii' au 'Lady Thumb'. Panda mwishoni mwa Mei au Juni, sentimita 5 hadi 10 chini ya kiwango ilichokuwa nacho chunguni, ili vifundo vya chini vilindwe na udongo. Usikate matawi yaliyokauka wakati wa vuli, yanakinga shina. Yakate pale tu machipuko mapya yatakapoonekana, hata kama ni Mei.

Swali: Lebo imepotea, na fuksia nyingine nimeiotesha mwenyewe kwa mbegu. Chama kinaweza kuzipa majina? — *Asiye na jina*

Jibu: Hayo ni mambo mawili. Kwa ile iliyopotezwa lebo, peleka tawi lenye majani, kitumba na ua lililofunguka siku hiyo, maana rangi hufifia baada ya siku chache. Watakusaidia kupunguza orodha, lakini wasipokuwa na hakika iandike "haijulikani". Jina la kubahatisha likishapita kwenye meza ya uuzaji, huzaa makosa mia.

Ile ya mbegu ni mmea mpya, kwa sababu fuksia za bustani zimechanganyika mno hata mbegu zake hazitoi mfano wa mama. Ikuze misimu mitatu, toa vipandikizi vyake uone kama ua linabaki lile lile, ilinganishe na aina zilizopo. Ikiwa bado ina jambo jipya, jina husajiliwa kwa Chama cha Fuksia cha Marekani, ambacho ndicho msajili wa kimataifa wa majina ya fuksia. Wengi wa miche ya mbegu huishia jalalani, na pengine ndivyo inavyofaa.

Swali: Matunda yake yanaliwa? — *Mwenye njaa*

Jibu: Yanaliwa yakiiva na kulainika, mengine matamu, mengine yana ukakasi wa pilipili mwishoni. Usile ya mmea uliopigwa dawa. Na ukiyaacha mengi yakomae, maua mapya yatapungua, kwa hiyo mmea wa mashindano usiuachie matunda.